Vidole Viwili vya Karatasi

Sanduku lilikuwa limeshatiwa kwenye buti la teksi na Mtafiti alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje, kwa sababu mama yake alikuwa bado anamshonea kifungo cha koti. Mama huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kifungo kinachoning'inia kilimsumbua kuliko jino bovu. Hata ndege ingekuwa imewasha injini pale pale mlangoni, ingemsubiri.

"Mama, nitachelewa."

"Utachelewa ukiwa umefungwa vizuri. Simama wima. Na usipumue pumue, sindano haina macho."

"Wanataka niwe uwanjani saa tano."

"Na sasa ni saa tatu. Unakwenda uwanja wa ndege au unakwenda kuusukuma?"

Mwenye teksi alipiga honi kidogo, honi ya adabu. Kutoka ndani ya chumba cha mbele, ambacho mlango wake ulitazama barabara na ndicho alichonyolea watu, baba mtu alitoa kichwa. Mkono mmoja alishika wembe, mwingine umejaa povu. Nyuma yake Mzee wa Posta, aliyegawa barua mtaani miaka thelathini mpaka barua zenyewe zikaisha, alikuwa amelazwa kwenye kiti, shavu moja jeupe kama keki.

"Waambie huko baba yako ni kinyozi!" alipaza sauti. "Wasidhani umeokotwa!"

"Nitawaambia, baba."

"Na uwaambie kinyozi hajinyoi," Mzee wa Posta alidakia, "maana huyu kaniacha hapa nusu saa, povu linaota mizizi."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wanaagana, kwa kelele, ili asilie mtu. Binti alikuwa anakwenda kwenye kongamano la watafiti, nchi ya mbali, kusema kwa dakika kumi. Dakika kumi tu, lakini alizifanyia kazi miaka sita. Alichunguza saratani moja inayowapata watoto wadogo, wengi wao hata shule hawajaanza. Huanzia kwenye seli changa za neva, mara nyingi tumboni, juu ya figo, na ikipata nafasi hutembea mpaka kwenye mifupa. Yeye alizilea seli hizo maabara, kwenye visahani vya plastiki, akazimwagia dawa moja ya zamani inayojulikana kwa maradhi mengine kabisa, akaona zimepunguza kuzaana. Akaandika makala. Jarida likaitoa. Mtaa mzima ukamwita Daktari, ijapokuwa hajawahi kumtibu mtu hata kikohozi.

* * *

Kifungo kilikuwa kimebakiza mizunguko miwili ya uzi alipotokea Dereva. Alikuwa dereva wa lori la mizigo, mtu mrefu, na siku hiyo alionekana mrefu zaidi kwa kuwa alimbeba mtoto mabegani. Mkononi alishika mfuko wa machungwa. Alikuwa anakuja mbio, mtoto anaruka ruka huko juu na kuamrisha.

"Kulia! Baba, kulia! Kuna shimo!"

Huyo ndiye Meneja. Alikuwa na miaka minne, na jina alipewa wodini, kwa vile alikuwa akiwapangia manesi zamu. Kichwani nywele zilikuwa zinaanza kurudi, fupi na laini kama za kifaranga.

"Daktari! Nimekuwahi!" Dereva alihema. "Nilisema huyu mtu haondoki bila kushukuriwa. Chukua machungwa haya, utakula huko juu hewani."

Mtafiti alipokea, maana mikono ilikuwa imeshanyooshwa. "Asante, kaka. Unanishukuru kwa lipi?"

"Kwa dawa!"

"Dawa gani?"

Dereva alicheka kama anayetaniwa. "Dawa yako. Ile ya kwenye fremu. Tumeacha dripu wiki ya tatu sasa. Mtazame! Hatapiki, anakula, nywele hizo zinaota. Juzi kanipiga teke."

Mama aliacha kushona. Sindano ilibaki inaning'inia kwenye koti.

"Nani amewaambia muache dripu?" Mtafiti aliuliza polepole.

"Hakuna aliyetuambia. Nilisoma mwenyewe, mimi si mjinga. Ile dripu ilikuwa inamuua, Daktari. Akitoka pale siku nne hajui hata jina lake. Nikatia saini, nikamtoa. Dawa yako ipo kila duka la dawa. Nusu asubuhi, nusu jioni."

"Nani aliyekuambia nusu?"

"Si yeye ni mdogo? Nikakata."

Mtafiti alimtazama mtoto. Mtoto naye alimtazama, akauliza, "Hilo gari lako?"

"Hapana. Wewe mguu unakuuma?"

"Huu," Meneja alisema, akapiga goti la kushoto. "Lakini ni siri."

"Amekimbia sana wiki hii," Dereva alisema haraka.

* * *

Hapa turudi nyuma hatua moja, kwa sababu jambo lenyewe lilianza na kichwa cha mtoto huyo huyo. Miezi miwili kabla, nywele zake zilikuwa zinatoka kwa mafungu kwa sababu ya dawa kali za dripu, na baba yake akamleta kwa Kinyozi zikaondolewe zote kwa usawa. Kinyozi alimnyoa taratibu, akamwimbia, akakataa malipo. Dereva, akisubiri, alisoma ukutani. Pale katikati, kati ya kioo na leseni ya biashara, palikuwa na fremu ya dhahabu ya bandia, na ndani yake ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono.

Makala ya Mtafiti ilikuwa ya lugha ngumu, na baba yake alikuwa amemwomba, "Niandikie kwa lugha ya watu. Watu wananiuliza mwanangu amefanya nini, nami nasema amefanya mambo." Akamwandikia ukurasa, mwandiko mzuri, mambo yote kwa ufupi. Mzee akautundika. Binti alipouona mara ya kwanza aliona haya, akageuza uso, na kila alipokuja nyumbani aligeuza uso vile vile. Nani hukaa kusoma mwandiko wake mwenyewe ukutani?

Siku ile Dereva alipouliza, Kinyozi alijibu kwa kifua kilichojaa: "Mwanangu huyo. Ugonjwa huo huo wa mtoto wako, ameupatia dawa." Ndivyo alivyosema, na alikuwa ameshawaambia hivyo watu wengi. Lakini wale wengine walikuwa wamekuja kunyolewa tu.

* * *

"Kaka, nisikilize," Mtafiti alisema pale kando ya teksi. "Huyu anaonekana amepona kwa sababu dripu imeacha kumchosha. Uvimbe haujalala. Lazima arudi hospitali leo."

Uso wa Dereva ulijifunga kama mlango. "Na wewe unaongea kama wale wa hospitali."

"Ile dawa sijampa mtoto yeyote. Nimeipa sahani!"

"Sahani?"

"Seli, kaka. Ziko kwenye visahani. Niliandika. Mstari wa mwisho niliandika wazi kabisa."

Dereva alimshusha mtoto, akaingiza mkono mfuko wa nyuma, akatoa karatasi ya kupokelea mzigo iliyokunjwa mpaka ikalainika kama kitambaa. Nyuma yake alikuwa amenakili ukurasa wote kwa kalamu. "Nilinakili mpaka nukta. Soma wewe. Mstari huo uko wapi?"

Akasoma. Maneno yalikuwa yake, moja baada ya jingine. Yalikwisha hapa: *na seli hizo zikapunguza kuzaana kwa zaidi ya nusu.* Basi. Chini yake palikuwa na doa la mafuta ya gari.

"Umeruka," alisema.

"Sikuruka."

"Twende tukaangalie."

Wakaingia wote chumba cha kunyolea, Mama na sindano yake, Dereva na karatasi yake, Meneja mkononi mwa Mama. Mwenye teksi alizima gari, akaja kusimama mlangoni. Si kila siku mtu hupata kusubiri penye mambo. Mtafiti alikwenda moja kwa moja kwenye fremu na, kwa mara ya kwanza, akaisoma. *Kwa zaidi ya nusu.* Kisha ukingo wa dhahabu.

"Umeona?" Dereva alisema kwa hasira. "Sasa unaondoka, dawa inakwenda na wewe, sisi tunaambiwa turudi kwenye dripu. Mambo haya tunayasikia siku zote, Daktari. Sikudhani nitayasikia kwako."

Mtafiti alikuwa anamtazama baba yake. Wembe wa Kinyozi ulikuwa umesimama hewani, inchi moja juu ya koo la Mzee wa Posta.

"Bwana wee," Mzee wa Posta alisema bila kusogeza midomo, "kama unafikiri, fikiria na hicho kitu kikiwa mezani."

Kinyozi aliuweka wembe chini. "Ukurasa ulikuwa mzima," alisema. "Nadhani ulikuwa mzima."

Mke wake alimkazia macho. Walikuwa wameoana miaka thelathini na tisa na alimjua sauti zote. "Baba Daktari."

"Nini?"

"Siku ile uliyouharibu mkasi wangu. Ulikata nini?"

Kila fundi ana kitu chake kisichoguswa. Mkasi wa kitambaa ukikata karatasi hata mara moja huwa butu, hautelezi tena, hutafuna. Mwaka uliopita Mama aliukuta wake unatafuna, wakagombana wiki nzima, na Kinyozi aliapa kuwa alikata uzi tu.

"Mama Daktari, hayo yalikwisha."

"Hayajakwisha. Ulikata nini?"

Kinyozi alijipangusa povu kwenye suruali. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliacha hata kujikuna. Kwa hao alikuwa ndiye baba wa Daktari. Kwa mwaka mzima aliwanyoa na kuwasomea ukuta.

"Fremu ilikuwa fupi," alisema. "Ilikuwa ya picha za mitindo ya nywele. Ukurasa ukazidi vidole viwili hivi, huku chini. Nami, unajua kazi yangu. Kitu kikizidi..." Alionyesha kwa vidole, kama mkasi unaofunga. "Palikuwa na maneno. Nikayaona, nikasema ni ya kumalizia tu. Salamu. Watu wakimaliza kuandika huweka salamu."

"Baba!"

"Nimekosa, mwanangu."

Dereva aliwatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. "Familia moja, mdomo mmoja. Mnaweza kusema chochote. Hata mimi naweza kusema karatasi yangu ilikuwa na mstari unaosema nipewe lori." Akamshika mtoto mkono. "Twende, Meneja."

"Ngoja," Kinyozi alisema. "Ngoja, bwana. Mzee, inuka."

"Mimi?" Mzee wa Posta alisema. "Nusu ndevu?"

"Inuka kidogo tu. Makalio tu."

Mzee wa Posta alijiinua kwa mikono, miguu ikining'inia, shuka ya kunyolea ikimzunguka kama hema. Kinyozi alipiga magoti kwenye nywele za watu, akalala ubavu, akaingiza mkono chini ya kiti. Kiti kile kilikuwa na mguu mmoja mfupi tangu kiliponunuliwa, na mwaka mzima sasa kilikuwa kimetulia. Akavuta. Kiti kikainama upande, Mzee wa Posta akapiga yowe na kushika kioo, na Meneja akacheka mpaka akakaa chini.

Kilichotoka kilikuwa kijikaratasi kilichokunjwa mara nane, kigumu kama kipande cha ubao, kimeshika poda na vinyweleo. Kinyozi alikikunjua kwa kucha. Hakusimama. Alikwenda kwa magoti mpaka ukutani, akaishusha fremu, akaiweka sakafuni, akatoa kioo, akasogeza kipande chini ya ukurasa. Kwenye mstari wa chini kabisa wa ukurasa kulikuwa na herufi zilizokatwa mkia. Mikia yenyewe ilikuwa kwenye kipande. Viliposhikana, hapakubaki hata pa kupitisha unywele.

Dereva alichuchumaa. Alisoma kwa midomo, kama mtu anayehesabu hatua gizani:

*Haya yote yametokea kwa seli zilizo kwenye visahani. Hakuna mtoto aliyepewa dawa hii, na hatujui kama inamfaa mtoto. Mtoto mwenye ugonjwa huu asiachishwe matibabu ya hospitali.*

Alisoma tena. Kisha akakaa sakafuni kabisa, kwenye nywele, mwanaume mzima na viatu vyake vya kazi.

"Wiki tatu," alisema.

Meneja alimpa kipande cha chungwa alichokuwa amemenyewa na Mama. "Kula, baba. Hili halina mbegu."

* * *

Mtafiti alikuwa ameshapiga simu kwa daktari wa wodi ile, aliyesoma naye. Alipoikata alisema, "Yuko kazini mpaka saa nane. Anasema mlete sasa hivi, wampige picha."

"Nilitia saini kwa ubishi," Dereva alisema. "Yule nesi mkuu aliniambia, siku nikirudi nisije kulia kwenye meza yake. Mbele ya watu wote. Nitaingiaje pale?"

"Nitakuingiza mimi," Mtafiti alisema, akaanza kuvua koti, sindano bado inaning'inia. "Ndege zipo nyingi."

"Vaa koti," baba yake alisema. Alikuwa amesimama sasa, magoti yana nywele. "Aliyekata ni mimi. Nitakwenda mimi, nikatukanwe mimi. Wewe una kazi huko. Ukumbini watakuwepo watu wangapi?"

"Mia tatu hivi."

"Basi ni vinyozi mia tatu. Kila mmoja ana fremu yake nyumbani. Waambie mstari ule wa mwisho kwanza, kabla hawajashika mkasi."

Binti alitaka kubishana, lakini alijikuta anacheka, na machozi yanatoka humo humo. Mama alitumia nafasi hiyo kumaliza kifungo, akakata uzi kwa meno.

Teksi ilikuwa moja, na hospitali ilikuwa njiani. Wakapanda wote watano, Mwenye teksi akiwa wa kwanza kukubali bila kuulizwa. Meneja alidai kiti cha mbele, akakaa mapajani kwa Kinyozi.

"Na mimi?" Mzee wa Posta aliita kutoka mlangoni, shavu moja safi, jingine limekauka povu.

"Mimi najua sindano tu, shemeji," Mama alimjibu kupitia dirishani. "Ukitaka nikupige pindo, nisubiri."

* * *

Nesi mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Aliwaona tangu mlangoni, akavaa miwani, akavua tena, ishara kwamba hakuhitaji kuona zaidi. Wakati huo Mtafiti alikuwa ameongea na daktari dakika tano nje, amewakumbatia wazazi wake na ameshaondoka.

"Karibu, baba Meneja," nesi alisema kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa foleni. "Umetukumbuka. Nani alikuambia uache matibabu?"

Dereva alifungua mdomo.

"Mimi," Kinyozi alisema.

"Na wewe nani? Daktari?"

"Kinyozi."

Foleni nzima iligeuka. Mtu mmoja huko nyuma alicheka puani.

"Kinyozi," nesi alirudia, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Haya, leo kinyozi anaachisha dripu. Kesho tutamletea mshona viatu aachishe oksijeni. Mzee wa umri wako! Unajua wiki tatu ni nini kwa ugonjwa huu? Unajua?"

"Sijui," Kinyozi alisema. "Ndiyo sababu nimekuja kuambiwa."

Aliambiwa. Aliambiwa kwa robo saa, amesimama, kofia mkononi, mbele ya watu ambao wengine aliwahi kuwanyoa. Mama alisimama pembeni yake na hakumtetea hata kwa neno moja, lakini hakuondoka. Dereva alitazama sakafu. Maneno yalipokwisha, nesi alizunguka meza, akamnyanyua mtoto.

"Na wewe ulikuwa wapi? Zamu zimevurugika hapa."

"Nilikuwa likizo," Meneja alisema. "Nipe lile daftari la zamu."

* * *

Picha ilionyesha uvimbe wa tumboni umeongezeka na kuna doa jipya kwenye mfupa wa paja la kushoto. Mizunguko ya dripu iliyokuwa imebaki miwili ikawa minne. Meneja alipasuliwa, akachomwa mionzi, akapoteza nywele mara mbili zaidi, na mara zote mbili Kinyozi alikwenda kumnyoa wodini. Sasa ana miaka sita na yuko darasa la kwanza. Sare alishonewa na Mama, kubwa kupita kiasi, ili imfae miaka miwili. Hajaambiwa amepona. Anaambiwa arudi kila baada ya miezi mitatu, na anarudi.

Dereva aliacha safari za mbali, anaendesha gari la mkate. Ile karatasi ya mzigo bado anayo.

Mtafiti aliwahi ndege. Ukumbini alianza na mstari wa mwisho, akautolea maelezo kwa dakika nne, mwenyekiti akamkatisha kabla hajafika kwenye picha ya tatu. Baadaye dawa ile ilijaribiwa kwa panya, haikufanya lolote la maana. Aliandika na hilo pia, jarida jingine likalitoa. Makala hiyo ya pili imesomwa na watu wachache sana. Baba yake aliomba aandikiwe ukurasa wake, na safari hii alikwenda kununua fremu ameushika ukurasa mkononi.

Mama alinunua mkasi mpya. Anauficha kwenye kopo la unga, na mumewe anajua, na haugusi.

Mzee wa Posta alihama kwa hasira, akanyolewa kwingine mwezi mmoja, akarudi.

Kile kipande kimebandikwa kwa plasta juu ya kioo cha ile fremu ya kwanza, na mteja haanzi kunyolewa kabla hajakisoma. Asiyejua kusoma husomewa. Kiti hakijapatiwa kabari nyingine. Kinayumba mpaka leo.